Nyota Zilizopotea: Jinsi Programu Inavyogeuza Maandishi ya Alama Nyepesi

Katika ofisi ya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi, tangazo huandikwa mara moja na kusomwa kwa njia tatu. Katibu, mzee aliyezoea simu kuliko kompyuta, huliandika kwenye WhatsApp na kunitumia mimi niliye Mbeya mjini. Kutoka kwangu linatakiwa lionekane kwenye tovuti ya chama, lichapishwe kwenye karatasi ya kubandikwa ubaoni, na liende kwa ujumbe mfupi kwa wanachama, ambao wengi wao wana simu za kitochi. Kuandika tangazo hilohilo mara tatu kunachosha, na ubaya wake mkubwa ni kwamba mwishowe yanapatikana matangazo matatu yasiyolingana, kwa kuwa anayesahihisha saa ya mkutano katika moja husahau kuisahihisha katika mengine. Nikaamua kuandika programu ndogo kwa lugha ya Python, ipokee maandishi ya katibu na kutoa maumbo yote matatu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Hili hapa ni tangazo la kwanza nililolipitisha, na nitalirudia mara nyingi, kwa sababu karibu kila ugumu wa kazi hii umo ndani ya mistari yake kumi:

```
*TANGAZO KWA WANACHAMA*
Mkutano utafanyika Jumamosi
saa tatu asubuhi, ofisini.
Ajenda:
1. Bei ya msimu
2. Makato ya 3% ya chama
3. Kung'oa mibuni ya zamani
Deni la pembejeo 4,850,000/=
--------
Ada ilipwe kwa *150*00#
```

Binadamu yeyote anayejua Kiswahili analielewa tangazo hili bila kusita. Anaona kichwa, maelezo ya mkutano, orodha ya mambo matatu, kiasi cha deni kilichopigiwa mstari kama tunavyopigia mstari jumla kwenye daftari, na namba ya menyu ya kulipia ada kwa simu. Hakuna aliyemfundisha katibu kuandika hivyo. Ndivyo watu wanavyopanga maandishi wanapokuwa na herufi na alama za kawaida tu, na hapo ndipo lilipotoka wazo la alama nyepesi.

Alama nyepesi ni utaratibu wa kuandika faili ya maandishi matupu kwa namna ambayo mpangilio wake unaonekana kwa macho hata kabla ya programu yoyote kuigusa. Neno linalotakiwa kukazwa huzungushiwa nyota, kichwa hutanguliwa na alama ya reli, orodha huanza kwa kistari au kwa namba yenye nukta, na aya hutenganishwa na mstari mtupu. Ukiilinganisha na HTML, lugha ya kurasa za tovuti, ambayo maneno yake yamezikwa kati ya vibandiko vya kufungua na kufunga, au na faili ya docx, ambayo kwa kweli ni furushi la zip lenye faili za XML ndani yake, utaona kwa nini inaitwa nyepesi: unaweza kuiandika kwenye simu, kuituma, na kuilinganisha toleo kwa toleo, na itaendelea kusomeka hata programu iliyoitengeneza ikifa.

Utaratibu unaojulikana zaidi ni Markdown, uliotolewa mwaka 2004 na John Gruber, ambaye alisaidiwa na Aaron Swartz katika kuunda kanuni zake. Haukuwa wa kwanza. Textile na AsciiDoc zilikuwapo tangu 2002, na watu wa Python walikuwa na reStructuredText yao, ambayo hadi leo hubeba miongozo mingi ya lugha hiyo. Markdown ilishinda kwa sababu ilidai machache kwa mwandishi. Baadaye tutaona kwamba ilidai machache hata kwa msomaji wa kompyuta, na hilo likaleta fujo.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu anayeanza kazi hii ni ya kutafuta na kubadilisha. Tafuta nyota, kisha maneno, kisha nyota nyingine. Weka kibandiko cha HTML mahali pa nyota ya kwanza na kingine mahali pa nyota ya pili. Endelea na alama inayofuata. Sioni aibu kusema kwamba mimi pia nilianza hivyo, kwani hata programu ya Gruber mwenyewe, iliyoandikwa kwa Perl, ilikuwa mfululizo mrefu wa ubadilishaji wa namna hiyo, mmoja ukifuata mwingine, huku vipande vya HTML vikifichwa kwa muda ili visiguswe na hatua zinazofuata. Njia hii inafanya kazi mpaka siku katibu atakapoandika hesabu.

Chukua mstari usemao «magunia 12 * kilo 60 * sh 4,000». Ubadilishaji wa kitoto huona nyota mbili na kukaza maneno yaliyo katikati, kisha huzifuta nyota zenyewe. Msomaji wa tovuti anabaki na «magunia 12 kilo 60 sh 4,000», ambako kuzidisha kumetoweka na hakuna dalili kwamba kuliwahi kuwapo. Kosa la namna hii ni baya kuliko programu kukwama, maana programu iliyokwama angalau inapiga kelele.

Kanuni makini hulitatua jambo hilo kwa kutazama kilicho kando ya nyota. Nyota inayofuatwa na nafasi haiwezi kufungua mkazo, na nyota inayotanguliwa na nafasi haiwezi kuufunga. Kwa hiyo nyota za hesabu yetu, zenye nafasi pande zote mbili, hubaki nyota. Nilipoisoma kanuni hiyo nilifurahi, nikaacha ubadilishaji wangu na kuchukua maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, inayoifuata. Kisha nikautazama mstari wa mwisho wa tangazo. Katika «*150*00#», nyota ya kwanza ina nafasi kushoto na tarakimu kulia, kwa hiyo ina haki ya kufungua. Ya pili imebanwa na tarakimu pande zote mbili, na kanuni inairuhusu nyota ya namna hiyo kufunga. Matokeo yake ni 150 iliyokazwa, ikifuatiwa na 00#. Kwenye karatasi wanachama waliambiwa walipe ada kwa 15000#. Nyota zilezile zilizookolewa katika hesabu zilipotea katika namba ya malipo, na zilipotea kwa mujibu wa kanuni, bila kosa la mtu.

Hapa ndipo panapodhihirika jambo ambalo makala nyingi za kufundisha Markdown hulipita haraka. Kazi ya kugeuza maandishi ina nusu mbili zisizofanana. Nusu ya kwanza ni kusoma, yaani kuamua katibu alimaanisha nini. Nusu ya pili ni kuandika, yaani kuisema maana hiyo katika umbo jipya. Anayetafuta na kubadilisha anajaribu kuzifanya zote mbili kwa pigo moja, na ndiyo maana hajui pa kurekebisha mambo yanapoharibika.

Programu zilizoandikwa vizuri husoma kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza hutazama mistari mizima na kuigawa katika mafungu: hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kichwa, huu ni mstari wa kutenganisha. Hapo nyota na vistari vya ndani ya sentensi haviguswi kabisa. Hatua ya pili ndiyo huingia ndani ya kila fungu na kutafuta mikazo, viungo na picha. Mpangilio huo una sababu. Fungu ndilo linaloamua kama nyota ni mkazo au ni herufi tu, kwa mfano nyota iliyo ndani ya fungu la msimbo haina maana yoyote, na mkazo haupaswi kuvuka kutoka aya moja hadi nyingine hata kama mwandishi alisahau kuufunga. Zao la hatua hizi mbili ni mti: tangazo ni shina, mafungu ni matawi, na maneno ni majani.

Katika Python unaweza kuuona mti huo kwa mistari michache. Maktaba ninayoitumia ni markdown-it-py, ambayo huutoa mti ukiwa umelazwa kama mfuatano wa vipande, kila kimoja kikisema kama kinafungua, kinafunga au kinasimama peke yake:

```
from markdown_it import MarkdownIt

msomaji = MarkdownIt("commonmark")
vipande = msomaji.parse(tangazo)
for k in vipande:
    print(k.nesting, k.type)
```

Namba 1 maana yake kipande kinafungua fungu, −1 kinafunga, na 0 hakifanyi lolote kati ya hayo. Ninamshauri kila anayeanza achapishe mfuatano huu kabla ya kutazama HTML. HTML huonyesha kivinjari kitakachochora. Mfuatano huonyesha programu ilichoelewa, na mara nyingi haikuelewa ulichodhani.

Tangazo letu lilieleweka namna hii. Mistari minne ya kwanza ilikuwa aya moja, kwa kuwa katikati yake hakuna mstari mtupu. Orodha ilitambuliwa, maana orodha inayoanza na namba 1 inaruhusiwa kuikatiza aya. Lakini mstari wa deni, ambao kwa jicho la katibu ni jambo jipya kabisa, ulimezwa na ajenda ya tatu, kwa sababu kanuni husema kwamba mstari wa kawaida unaofuata mara moja baada ya kipengele cha orodha ni mwendelezo wa kipengele hicho hata kama haukusogezwa kulia. Ikawa ajenda ya tatu ni kung'oa mibuni ya zamani deni la pembejeo 4,850,000/=. Vile vistari nane vikawa mstari wa kutenganisha.

Nilimwomba katibu aache mstari mtupu kabla ya deni. Akaacha, na mambo yakawa mabaya kwa namna nyingine. Deni lilipopata aya yake lenyewe, vistari vilivyo chini yake havikuwa tena mstari wa kutenganisha. Katika Markdown, aya iliyopigiwa vistari chini yake ni kichwa cha habari. Wanachama waliofungua tovuti siku hiyo walikuta deni la pembejeo limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko tangazo lenyewe, na sidhani kama kuna aliyeamini kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisibadilishe maktaba. Nilijaribu. Ipo nyingine ya Python, kongwe na inayotumiwa sana, iitwayo Python-Markdown. Yenyewe haikubali orodha ianze bila mstari mtupu juu yake, kwa hiyo tangazo la kwanza, kuanzia kichwa hadi deni, lilitoka kama aya moja iliyoshonana, namba 1, 2 na 3 zikielea katikati ya sentensi. Lugha moja ya programu, maktaba mbili, maandishi yaleyale, na maana mbili tofauti.

Chanzo cha tofauti hiyo ni ule wepesi niliousifu mwanzoni. Maelezo ya Gruber yaliandikwa kwa ajili ya waandishi, si kwa ajili ya watengenezaji wa programu, na yaliacha maswali mengi bila jibu: orodha inaweza kuikatiza aya? Orodha iliyo ndani ya orodha isogezwe nafasi ngapi? Kila mtengenezaji alijibu alivyoona inafaa. Hali ilifanana na ununuzi wa viazi kijijini, ambako gunia ni gunia kwa jina tu, na anayepima kwa sado hawezi kubishana na anayepima kwa lumbesa, kwa kuwa kila mmoja ana kipimo chake na wote wanakiita kwa jina linaloheshimika. Mwaka 2014 kikundi alichokuwamo John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa CommonMark, ambayo ni jaribio la kuleta mizani sokoni: kanuni zilizoandikwa kwa ukamilifu, zikiwa na mifano zaidi ya 600 inayoonyesha maandishi haya lazima yatoe HTML hii. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, walitangaza toleo lao lililojengwa juu ya CommonMark mwaka 2017, wakiongeza majedwali na mambo mengine machache. Majedwali, kwa taarifa ya anayeyatafuta, hayamo ndani ya CommonMark yenyewe.

Hata hivyo CommonMark haisomi mawazo. Mizani huhakikisha kwamba maktaba zinazoifuata zitakosea pamoja, na hilo ni faida kubwa, kwa kuwa kosa linalojirudia kwa namna moja linaweza kurekebishwa. Katibu wangu haandiki CommonMark wala Markdown ya Gruber. Anaandika lahaja ya WhatsApp, ambayo nyota moja kila upande ni wino mzito na mwisho wa mstari ni mwisho wa mstari kweli. Katika Markdown nyota moja ni herufi mlazo, mbili ndizo wino mzito, na mwisho wa mstari ndani ya aya huhesabiwa kuwa nafasi tu. Wanaopokea maandishi kutoka simu za watu wanapaswa kuanzia hapo.

Mti ndio uliofanya lahaja hiyo iwe rahisi kushughulikiwa. Sikulazimika kuongeza nyota kwenye maandishi ya katibu, jambo ambalo lingenirudisha kwenye kutafuta na kubadilisha. Nilipita juu ya vipande vilivyokwisha kusomwa, na kila penye mkazo wa nyota moja nikaugeuza kuwa wino mzito:

```
for k in vipande:
    for c in k.children or []:
        if c.markup == "*" and c.tag == "em":
            c.type = c.type.replace("em", "strong")
            c.tag = "strong"
```

Kila kipande hukumbuka kiliandikwa kwa alama gani, hivyo mkazo wa kistari cha chini, ambao hata kwenye WhatsApp ni herufi mlazo, haukuguswa. Suala la mwisho wa mistari liliisha kwa kuwasha chaguo moja la maktaba. Namba ya malipo ilihitaji kazi zaidi, kwa sababu ilikuwa imeharibika wakati wa kusoma, na kilichoharibika wakati wa kusoma hakiponi wakati wa kuandika. Nyota zikishaondoka ndani ya maneno, mti haujui tena kama 150 ilikazwa kwa makusudi. Maktaba inaruhusu kuongeza kanuni yako mbele ya kanuni ya mkazo, na mimi niliongeza inayosema kwamba nyota inayofuatwa na tarakimu, ikaendelea kwa tarakimu na nyota mpaka ikutane na reli, ni msimbo wa simu na ipite kama ilivyo. Anayeandika kwa mkono anaweza kuikinga kila nyota kwa mkwaju wa nyuma mbele yake, lakini simuoni katibu akifanya hivyo.

Tukija kwenye nusu ya pili, ya kuandika, uhasama unatoka upande mwingine. Kila umbo lina alama zake zenye maana, na herufi isiyo na hatia upande mmoja ni amri upande mwingine. Katika HTML zinazohitaji kukingwa ni chache, hasa alama ya «ndogo kuliko», ya «kubwa kuliko» na ile ya &, na maktaba huzikinga zenyewe. Kwa karatasi nilitumia kwanza LaTeX, mfumo wa kupanga chapa unaopendwa na wanahesabu, na nikaandika sehemu ya kuandika mwenyewe kwa kujiamini. Katika LaTeX alama ya asilimia huanzisha maelezo ya pembeni: kila kinachoifuata hadi mwisho wa mstari hupuuzwa. Ajenda ya pili ikachapishwa «Makato ya 3». Maneno «ya chama» yalikwenda, na alama ya asilimia ikaenda nayo, pasipo onyo lolote. Karatasi ilikaa ubaoni siku mbili kabla ya mtu kuuliza ni makato ya shilingi tatu au elfu tatu.

Ujumbe mfupi ndio ulionifundisha zaidi. Umbo hili halina wino mzito, halina orodha, halina kitu ila herufi, na kwa hiyo lilionekana kuwa jepesi kuliko yote: pita kwenye mti, kusanya majani, yaunganishe. Nilifanya hivyo hasa. Kesho yake katibu akanipigia simu na kuuliza, kwa upole wa mtu mzima, «Mwanangu, Jumamosisaa ndiyo siku gani?» Ndani ya mti, mwisho wa mstari si herufi, ni kipande kinachojitegemea kisicho na maandishi ndani yake, na mimi nilikuwa nakusanya maandishi tu. «Jumamosi» iliyomaliza mstari wa pili iligongana na «saa» iliyoanza wa tatu. Namba za ajenda nazo zilipotea kwa sababu hiyohiyo: ukishasoma orodha, namba haiwi tena sehemu ya maneno, bali ni sifa ya orodha, na anayeandika ndiye anayepaswa kuihesabu upya. Orodha ikiwa ndani ya orodha nyingine, huhitaji hesabu moja tu bali rundo la hesabu, kila unapoingia ndani unaweka moja juu na unapotoka unaiondoa.

Kasoro nyingine ya ujumbe mfupi iligharimu fedha. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 ikiwa zote zimo katika orodha ya herufi za GSM, mfumo wa simu za mkononi. Ikiingia herufi moja tu isiyo katika orodha hiyo, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Ukigawanywa, kila kipande hubeba 67. Sasa, programu nyingi za kugeuza maandishi hupenda kupamba: alama ya kawaida ya ritifaa huigeuza kuwa ile iliyopinda, ambayo inapendeza kwenye kitabu. Pandoc, ambayo nitaizungumzia punde, hufanya hivyo bila kuombwa inaposoma Markdown. Ritifaa ya kawaida imo katika orodha ya GSM, iliyopinda haimo. Neno «kung'oa» pekee lilitosha kuufanya ujumbe wa herufi 150, uliopaswa kwenda kama mmoja, uende kama vipande vitatu, na chama kilipishwe mara tatu kwa kila mwanachama. Kiswahili kina ng'ombe, ng'ambo, kung'aa na kung'amua. Hatuwezi kulikwepa jambo hili kama Waingereza wanavyoweza kuandika tangazo zima bila ritifaa hata moja. Pia programu inayotafuta «ng'ombe» kwa ritifaa ya kawaida haitamwona aliyeandikwa kwa iliyopinda. Mapambo hayo huzimwa kwa chaguo moja, na kwa maoni yangu yangepaswa kuwa yamezimwa mpaka mtu ayaombe.

Mabano ya mraba, ambayo Markdown huyatumia kwa viungo, yamo katika GSM lakini kila bano huhesabiwa kama herufi mbili. Ni jambo dogo, lakini anayetuma maandishi ghafi akidhani ameokoa kazi anafaa kulijua.

Baada ya LaTeX kuninyima asilimia, nilikabidhi upande wa karatasi kwa Pandoc. Huu ni mradi wa MacFarlane yuleyule, ulioanza mwaka 2006 na kuandikwa kwa lugha ya Haskell, na Python huweza kuuita kupitia maktaba iitwayo pypandoc. Ubora wake hauko katika wingi wa maumbo unayoyajua tu, bali katika namna ulivyoyapanga. Tuseme una maumbo matano ya kuingiza na sita ya kutoa. Ukijenga njia ya moja kwa moja kutoka kila moja hadi kila moja, unahitaji vigeuzi 30. Pandoc hujenga visomaji vitano na viandishi sita, jumla 11, na vyote hukutana kwenye mti mmoja wa katikati. Anayetoka Songea akienda Iringa au akienda Mbeya hufika Makambako kwanza. Hakuna aliyelazimika kulima barabara kwa kila jozi ya miji. Bei ya mpango huo ni kwamba kisichopita Makambako hakifiki. Mti wa Pandoc hauna mahali pa kuhifadhi kila kitu ambacho faili ya docx inaweza kusema, kama vile ukingo wa ukurasa, kwa hiyo nyaraka yenye mapambo mengi ikienda na kurudi hurudi ikiwa na maneno yake yote na sura yake nusu.

Jambo la usalama nitalipita haraka, ingawa si dogo. Markdown huruhusu HTML ghafi kupita moja kwa moja hadi kwenye ukurasa, na mpangilio wa «commonmark» wa maktaba yangu unaufuata ukarimu huo. Kwa tangazo la katibu hakuna shida. Kwa maandishi yanayoletwa na yeyote kupitia tovuti, ni mlango ulioachwa wazi kwa mtu kupenyeza msimbo utakaoendeshwa kwenye vivinjari vya wengine. Usafishaji ufanyike juu ya HTML iliyokwisha kutolewa, si juu ya maandishi yanayoingia, kwa kuwa ubadilishaji wenyewe unaweza kuunda kiungo kibaya kutokana na herufi zilizoonekana salama, na kwa kuwa ukiondoa alama ya «kubwa kuliko» mapema utakuwa umeua nukuu halali za mwandishi. Waliotunza Python-Markdown walikuwa na chaguo la kujidai salama ndani ya maktaba, wakaliondoa katika toleo la 3.0 na kuwaelekeza watu kwenye programu maalumu za kusafisha. Naona walifanya la haki.

Kwa sasa kila tangazo lililowahi kuharibika limehifadhiwa katika faili yake, likiwa na matokeo sahihi ya tovuti, karatasi na ujumbe mfupi kando yake, na programu huyapitia yote kila ninapobadilisha hata neno moja ndani yake. La kwanza bado ndilo linalonisumbua zaidi, hasa ule mstari wa deni. Nilifikiria kumwandikia katibu mwongozo wa kurasa mbili. Badala yake tumekubaliana nusu kwa nusu: yeye anaacha mstari mtupu baada ya orodha, na mimi nimezima kabisa kanuni inayogeuza aya iliyopigiwa vistari kuwa kichwa, kwa agizo fupi la `msomaji.disable("lheading")`. Vistari vyake nane vimerudi kuwa mstari tu, chini ya jumla, kama alivyovichora.